Neno Ulilotoka Nalo

Kaka yangu,

Sikuulizi hali, maana ninajua ulikolazwa na waliokulaza. Nakuandikia waraka huu wazi, bila bahasha, kwa sababu anayesimama mlangoni kwetu siku hizi amekwisha kusikia kila tunachokisema ndani, na sina cha kumficha ila kimoja. Hicho kimoja sitakiandika hapa. Wewe ulikiuliza ngazini, nikakwambia.

Acha nianze na Kizungu chetu, maana ndicho kilichotufikisha hapa. Unakumbuka kilivyozaliwa? Shuleni kulikuwa na kile kibao cha kufungwa kwa uzi, mtoto akiropoka Kiswahili anavishwa shingoni, azunguke nacho mchana kutwa kama mbuzi wa kuuzwa. Wewe ulikivaa mpaka kikakuzoea. Asubuhi moja ukaingia darasani unanuka ngisi, maana Mama alikuwa amekuamrisha uwaoshe kabla hujatoka. Mwalimu wetu, mtu mpole wa kutoka bara, akakuuliza kwa Kizungu ni harufu gani ile. Hukuwa na neno. Ungesema Kiswahili, kibao. Basi ukakaza uso ukamwambia kwamba ni *snerrow*.

Akakutazama, nawe ukamtazama. Kukiri mbele ya watoto wa Mji wa Kale kwamba kuna neno la Kizungu asilolijua, hilo hakuliweza. Akasema vizuri, kaa chini. Na nusu ya darasa wakaliandika.

Ulinisimulia njiani tukirudi, nami nikacheka mpaka nikaketi kwenye baraza la watu. Toka siku hiyo tukawa wagonjwa. Kila kitu kilichokosa jina tulikipa la Kizungu, Kizungu kisichojulikana na Mzungu yeyote. *Flombit* ni mtu apigaye hodi huku ameshavua viatu sebuleni. *Grumsel* ni ile hasira ya stima kupotea pasi ndiyo kwanza inapata moto. *Hushner* ni jirani anayenyamaza ghafla nyuma ya ukuta ili asikie vizuri, na mtaa wetu ulikuwa umejaa hao. Nami nikatunga *lastle*, ile ngazi ya mwisho ambayo mguu unaitafuta gizani, nayo haipo. Ulisema hilo lilikuwa bora kuliko yako yote. Kwako wewe, mwenye majivuno yako, hayo yalikuwa maneno makubwa.

Mama hakujua Kizungu hata cha kuombea maji, lakini hiki chetu alikijua chote. Unakumbuka alivyokipeleka kwa daktari? Kaulizwa anaumwa na nini, akajibu kwa madaha kwamba ana *grumsel*, yamshika hasa jioni. Daktari akatikisa kichwa kwa huruma na kuandika. Tuliporudi nyumbani na zile dawa, wewe ulijifunika uso kwa mto ukicheka, na Mama akauliza kwa nini twacheka, kwani si kweli?

Hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Sasa nikukumbushe ya mlango.

Sisi hukaa juu, na mlango uko chini kichochoroni. Mtu akiita, Mama humteremshia ufunguo kwa kikapu kile kidogo cha ukindu kilichofungwa kamba, kupitia dirishani. Na Mama, kama mama wote wa kwetu, alikuwa na sheria: ukiitwa jina lako magharibi na humuoni akuitaye, usiitike. Sisi tulipoanza kuwa wakubwa wa kubisha tukamchokoza.

"Jini la mji huu ni la kale kuliko msikiti," alituambia. "Lajua Kiarabu, lajua Kihindi, lajua Kireno cha hao waliojenga Ngome. Litashindwa na majina yenu?"

Wewe, mdomo umejaa mahamri: "Na Kizungu?"

"Kizungu ni cha juzi, lakini lajua."

"Na hiki chetu?"

Mama akasita, kikombe kiko hewani. Nilimuona akilipima jambo lile kama anavyopima chumvi. "Hicho hata wenyewe hawakijui," akasema. "Neno lililotungwa leo asubuhi, jini litalipata wapi?"

Na hapo ikapita sheria. Kila asubuhi neno jipya, litungwe na anayebaki nyumbani, apewe anayetoka. Jioni, anayeita kutoka chini ataulizwa: "Neno?" Akilisema, kikapu kinashuka. Asipolisema, hata awe na sauti ya nani, kamba haitikisiki. La jana halifungui leo. Maana la jana lishasemwa kichochoroni, na kichochoro kina masikio.

Sisi tulidhani ni mchezo. Ukawa mtu mzima, karani wa kufuatilia makasha bandarini, shati limenyooka, na bado ukisimama chini ya dirisha magharibi unampaazia Mama neno la siku ile huku wazee wakipita kwenda kuswali wakitikisa vichwa. Ukiwa umechoka ulinuna. Ukisahau neno ulibembeleza, na Mama hakubembelezeka. Jioni moja alikuacha ukae nje mpaka isha ikaswaliwa, nami nikakurushia kashata kutoka dirishani ili usife njaa.

Siku yako ilipofika, Mama alikuwa amerudi kulala baada ya alfajiri. Wewe ulikuwa ngazini unafunga kamba za viatu. Nikakuinamia nikakunong'oneza neno sikioni, kwa sauti ndogo kabisa ili nisimuamshe. Ukacheka kile kicheko chako kinachokwenda kumalizikia puani. Ukaniuliza maana, nikakwambia. Ukasema, "Hili zuri. Hili tusilibadilishe upesi."

Ukatoka nalo. Ukaenda Makupa kutazama lori lililokwama na mzigo, na moyo wako ukasimama pale pale katikati ya magari na makelele, umeshika karatasi za watu. Adhuhuri waliita kutoka chini. Mama hakuuliza neno. Hakuteremsha hata kikapu. Alishuka mwenyewe, mguu mtupu, kichwa wazi, akafungua kwa mkono wake, nawe ukaingizwa juu ya mabega ya wanaume. Alasiri ukaswaliwa, ukazikwa. Neno lako lilikwenda nawe, na lilibaki kwangu pia, maana ni lile lile.

Sikutunga jingine. Nataka ulijue hilo. Kila asubuhi nilipotoka kwenda kazini kwangu, duka la dawa Bondeni, nilisimama pale ngazini penye alama ya kiatu chako na sikutunga kitu. Mimi nina ufunguo wangu, hakuna aliyeniuliza. Ulisema tusilibadilishe upesi, basi likabaki kuwa neno la mlango. Kulibadilisha kungekuwa kama kuigawa sahani yako. Na nyumba bila wewe, kaka, ni *lastle* tupu. Kila saa mguu unatafuta pa kukanyaga.

Mwaka huu, mfungo ulipokwisha, Mama akaanza kusema kwamba yuko mtu anaita.

Nilimpuuza. Mama ni mkubwa sasa, masikio yana mambo yao. Kisha Ijumaa moja niliwahi kurudi, nikawa nakunja nguo zilizofuliwa karibu na dirisha. Adhana ilikuwa imekwisha, kichochoro kimetulia, wote wako msikitini. Na kutoka chini ukaita: "Mama. Nifungulia."

Nasema ukaita, kwa sababu ilikuwa sauti yako. Haikufanana nayo; ilikuwa yako, pamoja na ule uvivu wako wa kutomaliza maneno. Nilichungulia. Mwanga ulikuwa bado upo wa kutosha kuona mawe ya chini, yale yaliyolainika kwa nyayo, na paka wa jirani amelala katikati ya njia. Hapakuwa na mtu, na paka hata hakuinua kichwa.

Mama alikuwa ameketi kitandani, ushungi wake wa swala bado uko kichwani. Akauliza kwa utulivu kabisa, kama alivyokuuliza miaka yote ile: "Neno?"

Neno halikuja. Kisha hakukuwa na kitu tena.

Nilifurahi, kaka. Nilifurahi kwamba halijui neno, kwa hiyo si wewe. Kisha nikaingia jikoni nikalia, kwa kuwa si wewe.

Mama naye aliona vingine. "Wewe hwelewi," aliniambia siku ya pili. "Siku ile ameingia bila kusema neno. Mimi ndiye n'liyemfungulia bila kumuuliza. Haki yake haijesha. Yuwarudi kuja kulisema."

"Basi mbona hasemi?"

"Huenda mesahau. Mara ngapi alisahau? Nambia mimi hilo neno, nimkumbushe."

"Mama, wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha tusiitike."

Akanitazama kwa yale macho yake yaliyoanza kufifia rangi. "Hata kama siye, mwanangu," akasema, "sauti ni yake. Nami nimeikosa."

Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Sikuogopa la chini, nilimuogopa wa juu. Kwetu inajulikana: mzee akimwitika anayemwita magharibi, hachukui muda naye anafuata. Na Mama alikuwa anataka kuitika. Mwili wake wote ulikuwa unataka, kama mtoto anayesikia ngoma mtaa wa pili. Kilichomzuia ni sheria yake mwenyewe tu, na sheria hiyo ilining'inia kwenye neno moja nililonalo mimi.

Jioni chache baadaye sauti ilipoulizwa, ilijibu. Ikasema: "*Flombit*."

Mama akatabasamu. "Hilo la zamani, mwanangu. Silo."

Mchana wa siku ile ile, tukichambua mchele, mimi na Mama tulikuwa tumekumbuka *flombit* na kumcheka jirani yetu wa zamani, Mungu amrehemu. Siku iliyofuata tukazungumza habari za daktari, na magharibi ikasema "*grumsel*." Unaona? Halikuwa likikumbuka. Lilikuwa likisikiliza. Lilikuwa *hushner*, limekaa nyuma ya ukuta wetu limenyamaza.

Nikapiga marufuku maneno yetu ndani ya nyumba. Mama akakasirika, akasema nimemzika mwanawe mara ya pili. Mchana ukawa mrefu. Tuliongea habari za sukari na umeme. Alikula kidogo, halafu kidogo zaidi ya hapo, na kila jioni aliketi karibu na dirisha mapema, kikapu kiko mapajani, anakipapasa.

Nilichelewa mara moja tu, kwa mvua. Nilipofungua hapakuwa na kitu mlangoni, lakini nilipofika juu nilimkuta amesimama dirishani, ameegemea ukuta, na kamba imekwenda nje yote. Ameteremsha. Nikaikamata mkononi mwake, nayo ilikuwa imekaza. Si kwa uzito wa kikapu. Wewe unajua kikapu kile kilivyo, hata ufunguo ukiwemo hakivuti. Ilikuwa imekaza kama unapomshika mtu mkono naye akaukubali mkono wako. Sikuchungulia. Nilisoma aya nilizozikumbuka, nikavuta, na kwa muda kule chini hakukuachia. Halafu kukaachia, kwa upole, na kikapu kikaja. Ufunguo umo.

"Lilisema neno?" nikamuuliza Mama.

"La." Alikuwa akilia bila sauti. "Lilisema lina baridi."

Baada ya hapo nilimchukua maalim akaja kusoma, akasoma vizuri, na kwa jioni kadhaa tukalala na amani. Kamba niliifungua nikaificha kabatini. Nikadhani yamepita.

Kisha ikawa hivi. Ilikuwa alasiri, mchana mweupe, nimeketi ngazini pale pako nachambua mchicha. Juu chumbani Mama akaniita. "Mwanangu," akasema, "lile neno la siku ile lilikuwaje?" Aliuliza kwa unyonge mno, kwa kuchoka, kama aulizavyo dawa zake. Na mimi nilikuwa nimechoka pia. Nikasema moyoni, potelea mbali, mama ni mama, ataondoka duniani na kiu ya neno moja? Nikafungua mdomo.

Na chini, bafuni, nikasikia maji ya udhu yakimwagika, na Mama akikohoa.

Mama alikuwa chini. Alikuwa amenipita ngazini muda si mrefu, ameshika bega langu ili ashuke.

Nilifunga mdomo. Lakini sauti ya kwanza ya neno ilikuwa imekwisha kutoka, kaka. Ile ya mwanzo tu, kabla ya neno kuwa neno. Juu chumbani kukawa kimya, kimya cha mtu aliyeinamisha sikio. Nilikaa pale mpaka Mama akapanda, tukaingia chumbani pamoja. Hamkuwa na mtu. Mto wake ulikuwa na kishimo, lakini Mama analala kila mchana, mto una haki ya kuwa na kishimo.

Jioni ile halikuita jina la mtu. Lilisimama chini likisema ile sauti ya kwanza, likirudia, likiionja, kama mtoto anayejifunza kusoma.

Usiku ule sikupata usingizi wa maana. Nilijua dawa ni ipi. Nilikuwa nikiijua siku zote na ndiyo niliyokuwa nikiikwepa. Neno la jana halifungui leo. Ningetunga jipya, lako lingekufa kama yalivyokufa mengine, na lote ambalo kile kiumbe kingekusanya lingekuwa makapi. Lakini lako lilikuwa kitu cha mwisho ulichokichukua kwangu, ulikipenda, ukaniomba nisikibadilishe. Niliona kama mimi ndiye ninayekufungia mlango kwa ndani.

Leo asubuhi nimetunga. Sikulitamka. Nilimshika Mama mkono nikamwandikia kiganjani kwa kidole, herufi moja moja, na maana yake nikamwandikia vivyo hivyo. Mama hasomi haraka. Ilinibidi nirudie. Alipolielewa akakikunja kiganja chake, akakaa nacho kifuani.

"Basi lile lake?" akauliza.

"Lake silo tena la mlango, Mama."

"Na akija kweli? Akija yeye, na lake?"

Nililia mbele yake, jambo ambalo sikulifanya hata siku ulipoletwa. Mama akanifuta uso kwa pembe ya leso yake, kisha akachukua mkono wangu, akaniandikia lile neno jipya kiganjani, polepole, kunionyesha kwamba amelishika. Adhuhuri akala sahani nzima.

Sasa nakwambia ya leo magharibi, maana ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu hata chai haijapoa.

Adhana ikaisha. Mama akaketi mahali pake. Ukaita. Mama akauliza, "Neno?"

Na ukalisema. Neno lako, lote, toka mwanzo mpaka mwisho, jinsi nilivyokunong'oneza. Sauti ya kwanza tu ndiyo iliyonitoka, nyingine zote sikumpa mtu ila wewe. Na baada ya neno kukaja kicheko kidogo, na kicheko kile kikaenda kumalizikia puani.

Mama hakulijua neno lile, hakuwahi kulisikia. Akageuka akanitazama, uso wake umejaa swali. Angeniona nimetikisa kichwa kukubali, angeshuka ngazi zile mwenyewe, mguu mtupu, kama siku ile. Nikaushika mkono wake uliokunja neno jipya. Niliushika nadhani kwa nguvu mno.

Mama akageukia dirishani. "Silo, baba," akasema kwa upole. "Hilo la jana."

Nilisikia kitu kama mtu anayekaa kwenye ngazi ya nje akifungua viatu, au akivifunga, kisha watu wakaanza kutoka msikitini, kichochoro kikajaa salamu na watoto na harufu ya viazi vya kukaanga. Mama ameomba chai. Amelala sasa, anapumua vizuri. Ninamsikia kutoka hapa nilipo.

Kaka yangu, kama hakuwa wewe, basi Mungu ametulinda, na neno lako lililoibwa halifai kitu kwa aliyeliiba. Na kama ulikuwa wewe, basi umelisema, umelisema vizuri, na haki yako imetimia. Usinune. Sheria uliijua. Ulichelewa, mwenzangu, na hapa tushabadilisha.

Usije tena mlangoni. Mama nitakuletea mimi, wakati wake ukifika, si kabla. Na siku nitakayobisha mimi huko kwako, nitakuja magharibi, nimechoka, nina baridi, nitakuita jina. Usiniitike. Niuliza kwanza neno.

Ninalo.

Nduguyo mdogo, wa ngazini